Ulinganisho: gari la kukodi kwa mwezi, gari la mkataba au gari la mkopo kwa dereva wa chini ya miaka 25 (masharti ya bima, Dodoma)

Kijana wa Nkuhungu

Habari za wakati huu, wakubwa zangu. Nina miaka 23, leseni yangu ya daraja D, la magari binafsi, haijatimiza mwaka, na nimepata ajira ya mkataba Mtumba ilhali ninaishi Nkuhungu, hivyo kila siku ya kazi ninauvuka mji mzima kwenda na kurudi. Nimepata njia tatu za kuwa na gari dogo la Toyota IST. Ya kwanza ni kampuni inayokodisha kwa mwezi kwa shilingi 850,000 pamoja na amana ya 500,000, na tangazo lao linasema bima kubwa, ile inayolipia hata uharibifu wa gari lenyewe, imo ndani. Ya pili ni gari la mkataba kutoka kwa mtu binafsi: kianzio ni milioni 3, kisha 650,000 kila mwezi kwa miezi 24, nikimaliza kadi inahamishiwa jina langu. Ya tatu ni kununua mwenyewe gari la milioni 14 kwa akiba yangu ya milioni 5 na mkopo wa SACCOS, chama chetu cha akiba na mikopo.

Ule mkataba ndio unaonivutia zaidi, ila bima inanitia shaka. Kampuni ya kukodisha imeandika sentensi moja tu, kwamba "mkodishwaji atazingatia masharti yote ya bima", na nilipoomba kuyaona masharti yenyewe nikaambiwa nihakiki namba ya gari kwenye mfumo wa TIRA, mamlaka inayosimamia bima. Nimehakiki, na bima iko hai. Je, inatosha?

Wakala Area C

Haitoshi, mdogo wangu. Uhakiki unakuonyesha kwamba gari lina bima, ni ya kampuni gani na inaisha lini. Haukuonyeshi bima hiyo inamkubali dereva wa namna gani, na kwa mtu wa umri wako jambo hilo ndilo kubwa. Majibu yako ndani ya hati ya bima yenyewe, hasa ule ukurasa wa jedwali unaotaja matumizi ya gari, madereva wanaoruhusiwa na eksesi, yaani sehemu ya hasara ambayo mwenye bima anaibeba mwenyewe kabla kampuni haijatoa chochote.

Hati nyingi za bima kubwa zina eksesi ya kawaida, halafu zina eksesi ya nyongeza kwa dereva ambaye hajafikisha umri fulani, mara nyingi 21 au 25, au ambaye leseni yake haijatimiza miaka miwili. Wewe unaweza kuguswa na vigezo vyote viwili. Chukua mfano wa hati yenye eksesi ya asilimia 10 ya madai, na asilimia 10 nyingine kwa dereva kijana. Gari likigongwa ubavuni na matengenezo yakafika milioni 6, dereva mzoefu angechangia 600,000, wewe utachangia milioni 1.2. Amana yako ya 500,000 itamezwa yote na bado utadaiwa 700,000, na hapo tangazo halikusema uongo wowote, kwa kuwa bima kubwa kweli imo ndani.

Zipo pia hati zinazokwenda mbali zaidi na kumwondoa kabisa dereva wa chini ya umri uliotajwa. Ikiwa ni hivyo, uharibifu wa gari hautalipwa hata senti.

Mzee wa Bahi Road

Naona tunamtisha kijana bure. Bima ya gari ni lazima kisheria, na TIRA makao yake yako hapa hapa Dodoma. Kampuni ikigoma kulipa, si anakwenda kulalamika?

Wakala Area C

Mzee wangu, kwa heshima yako, kinacholazimishwa na Sheria ya Bima ya Magari, Sura ya 169, ni bima ya kumlinda mtu wa tatu, yule anayegongwa akaumia au kufariki. Bima kubwa ni hiari na ni mkataba, na masharti yake ndiyo yatakayosomwa siku ya madai. Malalamiko yanapokelewa, na ipo pia Ofisi ya Msuluhishi wa Migogoro ya Bima iliyoanzishwa chini ya Sheria ya Bima ya mwaka 2009, lakini msuluhishi naye ataanza kwa kuisoma hati hiyo hiyo. Kama imeandikwa kwamba dereva wa chini ya miaka 25 haruhusiwi, na mwenye gari alitia saini, hapo kuna nini tena cha kusuluhisha?

Mama Neema, Ipagala

Mimi nina magari yaliyo kwenye mikataba, kwa hiyo niseme upande wa mabosi, yaani wenye magari, maana huwa tunasemwa tu. Magari mengi ya mkataba yana bima ndogo, yaani ya mtu wa tatu tu, ile ya 118,000 pamoja na VAT kwa gari binafsi. Bima kubwa kwa kiwango cha asilimia 3.5, kwa gari la milioni 14, ni 490,000, na ukiongeza VAT ya asilimia 18 inakuwa 578,200 kwa mwaka. Bosi anaona fedha hiyo ni karibu rejesho zima la mwezi, na kwa kuwa mkataba umeshaandika kwamba uharibifu wowote ni juu ya dereva, haoni sababu ya kuilipa. Siusifii utaratibu huo, ila ndivyo ulivyo.

Kwa hiyo, mwanangu, usimwulize bosi "gari lina bima?", kwa sababu atajibu ndiyo, na ni kweli. Mwulize ni kubwa au ndogo, na mwaka wa pili nani atailipia. Kwenye mkataba wa miezi 24 bima itakatiwa angalau mara mbili, na mikataba mingi niliyoiona imekaa kimya kuhusu ile ya pili.

Dereva Sabasaba

Naongezea la gereji. Mwenzetu mmoja alipata ajali karibu na Kibaigwa akiwa na gari la mkataba lenye bima kubwa, na bima ikalipa vizuri. Tatizo likawa kwamba gari lilikaa gereji kwa muda mrefu likisubiri mkadiriaji, kisha vipuri, na wakati wote huo bosi alikuwa anadai hesabu yake kama kawaida, kwa kuwa mkataba haukutaja lolote kuhusu gari lisipotembea. Bima nyingi hazifidii mapato au matumizi yaliyopotea wakati gari likitengenezwa, labda uwe umelipia nyongeza hiyo.

Halafu swali dogo kwako: hilo gari ni la kwenda kazini tu, au utabeba abiria?

Kijana wa Nkuhungu

Shikamooni, na ninawashukuru. Kazini, ndiyo, ila nilipanga kuwachukua wenzangu wawili wanaochangia mafuta, na mwishoni mwa wiki nijiunge na programu za teksi ili nipate rejesho.

Wakili Kikuyu

Hapo umefungua mlango mwingine. Gari lenye namba za njano limekatiwa bima kwa matumizi binafsi. Kubeba abiria kwa malipo ni matumizi ya biashara, yenye leseni yake ya LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, ada yake ya bima na daraja lake la leseni ya udereva, yaani C na si D. Ukipata ajali ukiwa na abiria wa programu, kampuni ya bima ina hoja mbili za kukataa kabla hata haijafika kwenye umri wako. Wenzako wanaochangia mafuta kwenda kazini ni suala jepesi zaidi, hata hivyo litajwe kwa maandishi.

Jambo la pili linahusu gari likiharibika kiasi cha kutotengenezeka. Fidia hulipwa kwa aliyetajwa kwenye hati, yaani mwenye gari. Tuseme ajali imetokea mwezi wa ishirini: utakuwa umeshalipa kianzio cha milioni 3 na marejesho ya milioni 13, jumla milioni 16, na hundi yote itakwenda kwa bosi. Kama mkataba wenu hausemi fidia itagawanywaje, utaanza kumdai ukiwa huna hata karatasi ya kushika.

La tatu ndilo watu wasilolijua. Kampuni ya bima ikishamlipa mwenye gari, inarithi haki yake ya kumdai aliyesababisha hasara. Ikiwa wewe hukutajwa kwenye hati, kwake wewe ni mtu wa nje kama mwingine yeyote, na inaweza kukugeukia. Ndiyo maana kutajwa jina kuna thamani kubwa kuliko punguzo lolote la kodi ya mwezi.

Mama Neema, Ipagala

Na hilo la kutajwa jina bosi anaweza kulifanya. Kinachotakiwa ni barua kwa wakala wake na nakala ya leseni yako. Ada ikiongezeka, ilipe wewe. Bosi atakayekataa hata hapo, mimi nisingemkabidhi fedha yangu.

Kijana wa Nkuhungu

Nimerudi na majibu. Kampuni ya kukodisha imenipa hati ya bima baada ya kusisitiza: eksesi ya dereva wa chini ya miaka 25 ni mara mbili ya kawaida, na amana hairudi kabla madai yoyote hayajafungwa. Bosi wa mkataba amekiri kwamba gari lina bima ndogo, na amesema bima kubwa nitajilipia mwenyewe lakini hati itabaki kwa jina lake peke yake. Kwa hali hiyo ninaelekea kwenye SACCOS, ingawa rejesho ni zito na mpango wa teksi nimeuweka pembeni. Nikinunua mwenyewe, ile eksesi ya umri itaniondokea?

Wakala Area C

Haitaondoka, kwa sababu inakufuata wewe, haifuati jina la kwenye kadi. Tofauti ni kwamba utaijua kabla ya kulipa, unaweza kulinganisha kampuni mbili au tatu, na fidia ya gari itakuwa yako baada ya SACCOS kuchukua salio la mkopo. Kwenye fomu ya maombi andika umri wako halisi na tarehe halisi ya leseni. Wapo mawakala watakaokushauri uandike jina la kaka au baba kama dereva mkuu ili ada ishuke. Usikubali, kwa sababu kuficha taarifa ya namna hiyo kunaipa kampuni haki ya kuivunja bima nzima. Pia bima haianzi mpaka ada ilipwe, kwa hiyo usilitoe gari kwa muuzaji kabla hujaihakiki kwa jina lako. Waulize SACCOS vilevile kama wanakulazimisha kutumia kampuni moja ya bima, na kama ndivyo, waombe hati yake uisome kabla ya kutia saini ya mkopo.