KIKOMBE CHA CHAI JUU YA HERMES YANGU YA 1751!!!

Wakuu, naandika mikono inatetemeka. Yule jamaa yetu wa hapa Uingereza, mnamjua, msijifanye, yule asiyekosa msiba wala harusi, kaja kwangu leo bila hata kupiga simu. Nikaingia jikoni kumletea sambusa. Dakika mbili! Narudi sebuleni, kikombe cha chai ya moto kimekaa juu ya Hermes ya James Harris. Toleo la kwanza. Na kisahani kiko pembeni, wakuu. KISAHANI KIKO PEMBENI!

Kitabu cha falsafa ya sarufi kimemshinda Napoleon, kimeshinda vita mbili za dunia na panya wote wa Salisbury alikozaliwa mwenyewe Harris, kije kuuawa na tangawizi. Nanyanyua kikombe, nakuta duara jeusi kwenye ngozi ya ndama, kama mhuri wa mtendaji wa kata. Namuuliza vipi, ananijibu: "Si kitabu cha zamani hiki? Nilidhani unakitupa."

UNAKITUPA! Mtu kachambua nomino na vitenzi mpaka Lowth, aliyekuja kuwa askofu wa London, akasema tangu enzi za Aristotle haujaonekana uchambuzi mzuri kama ule. Three Treatises yake ya 1744 ninayo. Philosophical Arrangements ya 1775 ninayo. Nimebakiza Philological Inquiries ya 1781 tu nifunge hesabu. Halafu kisahani kilikuwa pembeni.

Kipara Ngoto: Nimefika katikati nikijua ni begi la Hermes. Machozi yalishanilenga, kumbe makaratasi.

Dada Pilipili: Kitu cha 1751 kinafanya nini kwenye meza ya chai? Ulikuwa unataka wageni wakione, sema kweli.

Mleta uzi: Kisahani dada. KISAHANI.

Mjuaji wa Mtaa: Ungechukua Works ya Harris ya 1801 aliyoitoa mwanawe. Juzuu mbili pana, kikombe kinatulia bila kuyumba.

Mama Hotpoti: Ni huyo huyo mwenye chaja tatu mfukoni? Ana hotpoti yangu tangu Idi.

Kipara Ngoto: Weee! Mimi ana drili yangu. Kila nikimuuliza ananiambia iko kwenye gari. Gari lenyewe hana.

Mleta uzi: Jamani, turudi kwenye mada.

Dada Pilipili: Mama, hotpoti ya maua mekundu? Niliiona kwenye arobaini Leicester, imejaa pilau.

Mama Hotpoti: Ilikuwa na mfuniko wake?