Ushauri: mdhamini anataka jibu Ijumaa, niende mashindanoni au niache?

Vumbi_24: Wakuu habari zenu, mimi nakimbiza motokrosi (mbio za pikipiki kwenye udongo) hapa Arusha, mwaka jana nilibeba ubingwa klabuni kwetu, mwezi uliopita nikaanguka mazoezini nikaumia mkono, sasa kuna mashindano wiki tatu zijazo na mdhamini anataka jibu Ijumaa. Usingizi sipati. Nifanyeje?

Fundi Spea: Chukua hela mdogo wangu. Mimi enzi za bodaboda nilikataa tenda ya kusambaza mikate, aliyeichukua leo ana Fuso mbili.

Mama Junior: Mwanangu, mama yako anajua? Pikipiki imenizikia kaka.

Mzee wa Reli: Umeumia vipi? Kuteguka na kuvunjika ni vitu viwili.

Vumbi_24: Umevunjika juu ya kiwiko, kulia. Nina chuma na skrubu saba, daktari kasema miezi minne. Lakini maumivu yameisha, na Marc Márquez, bingwa wa MotoGP (mbio za dunia za pikipiki), alirudi juu ya pikipiki siku nne tu baada ya operesheni.

Mzee wa Reli: Imalizie hiyo stori. Julai 2020 kavunja mkono huohuo wa kulia Jerez, Hispania, Jumanne kaoperesheniwa, Jumamosi yuko tena juu ya pikipiki, mkono ukamshinda akajitoa. Chuma alichowekewa kikaja kuvunjikia nyumbani. Operesheni nne, ya mwisho Marekani 2022, mfupa uliunga umepinda wakaukata wakauzungusha. Ubingwa wa MotoGP aliouchukua 2019 kaupata tena 2025. Na yule ana madaktari, wewe una nani?

Kijiwe_Tu: Chai hii. Mtu ana skrubu saba mkononi anaandika aya zote hizo? Leta eksrei.

Fundi Spea: Hata mimi nimeanza kunusa tangawizi 😂

Vumbi_24: Naandika kwa kushoto, ndiyo maana nachelewa kujibu. Eksrei ina jina langu siiweki hapa. Na sijaja kuchekesha watu, mdhamini ameshatoa nusu na nimeshanunua shoksapu za mbele, nikisema siendi nazirudisha vipi? Mkono uko sawa, kila usiku nabinya mpira wa tenisi mara mia.

Mzee wa Reli: Kubinya sawa. Shika breki ya mbele halafu achia. Vidole vinanyooka vyenyewe?

Vumbi_24: Viwili vinanyooka.

Mzee wa Reli: Na vingine?

Vumbi_24: Navinyoosha kwa mkono wa kushoto.