Kuwekewa vijiti dakika kumi, kutolewa nazungushwa mwezi wa nne sasa!

Wakuu, nina hasira na sitaficha. Mwaka jana, mwanangu akiwa na miezi sita, nilienda kituo cha afya cha serikali kuulizia uzazi wa mpango. Nilipokelewa kwa bashasha. Ganzi, vijiti viwili chini ya ngozi ya mkono wa kushoto, bandeji, kadi yenye tarehe ya kurudi baada ya miaka mitano. Dakika kumi hazikufika na sikulipa hata mia.

Kwenye kuzuia mimba vijiti ni kiboko, sibishi. Katika wanawake 100 wanaovitumia kwa mwaka, hata mmoja hafiki anayeshika. Ila hakuna aliyeniambia kwamba homoni yake huvuruga hedhi: wengine hukata kabisa, wengine damu haikatiki. Mimi ndiyo hao wa damu. Siku 22 mfululizo! Kanga ya akiba haitoki kwenye pochi. Juzi nimeshuka daladala nimeacha doa kwenye siti, abiria wa nyuma akaniita, "Dada, angalia nguo yako." Nilitembea mpaka nyumbani nalia.

Nikarudi kituoni. "Vumilia, mwili unazoea." Nikavumilia. Baadaye sana ndiyo najua kuna dawa za kutuliza hiyo damu, ibuprofeni siku chache tu, au vidonge vya majira kwa wiki tatu. Kwa nini hawakunipa? Safari ya pili, anayetoa yuko semina. Ya tatu nikafokewa, eti vya miaka mitano vinatolewaje kabla ya mwaka, nachezea mali ya serikali. Ya nne nikaambiwa nije na mume. Mume wa nini? Siku ya kuweka walimuuliza nani? Na jana nesi kanivuta pembeni kwenye korido: elfu thelathini, vinatoka leo leo.

Jamani, miaka mitano ni mwisho wa nguvu ya dawa, si kifungo! Nikitaka vitoke leo, ni haki yangu vitoke leo, na sababu ni yangu. Kazi yenyewe ndogo: ganzi, kupasua kidogo, kuvuta. Vyangu wala havijazama, nikipapasa navigusa vyote viwili kama njiti za kiberiti. Huduma inatangazwa bure redioni, mbona bure inaishia kwenye kuweka?

Shoga yangu tuliyejifungua mwezi mmoja alikuwa aende kuweka wiki hii. Ameona ninavyohangaika, kagoma. Sasa akishika mimba na mtoto bado mdogo mkononi, nani wa kulaumiwa?

Elfu thelathini sitoi. Jumatatu naenda na kadi yangu kwa mganga mkuu wa wilaya. Mliowahi kuzungushwa hivi, mlitolewaje bila kuhonga? Naombeni majibu, damu bado inatoka.