Re: Re: Watoto likizo Dodoma, na lile swali la krambo ya epo

Mama Wawili (Leicester) aliandika:

Mbukwenyi wapendwa wa Dodoma na viunga vyake. Mwezi wa 8 nakuja nyumbani na wanangu, mmoja miaka 9 mwingine 6, tutakaa wiki tatu kwa mama Makole. Kiswahili chao cha kuokoteza, bibi yao Kiingereza hana, safari iliyopita walikaa kwenye kochi wanaangaliana kama wapo hospitali wanasubiri kuitwa majina. Sasa huku Jumapili huwa tunaoka krambo ya epo, ile epo zinakaa chini halafu juu unga uliofikichwa na siagi na sukari, ndo kitu pekee hawa watoto wanajua kupika, nikasema wakampikie bibi. Maswali: epo za kupikia zile chachu huko zipo au nibebe kwenye begi? Na mama hana oveni, ana jiko la mkaa na gesi ya plati mbili. Msinicheke.

Shangazi wa Kisasa alijibu:

Karibu sana nyumbani mdogo wangu, nani akucheke, mi mwenyewe niliishi huko Uingereza miaka 11 na watoto wangu mwezi wa kwanza walikuwa wanalilia krambo kuliko wanavyolilia marafiki zao.

Epo usibebe. Matunda mabichi yanadai cheti cha afya ya mimea, utasumbuka uwanja wa ndege kwa epo sita, ya nini. Ila ile Bramley yenu ambayo ni kali na ikipata moto inalainika yenyewe kama uji, hiyo huku sahau. Nenda Majengo sokoni asubuhi, nyingi utakazokuta ni za Afrika Kusini, nyekundu tamu na zile za kijani. Chukua za kijani. Ukikuta za Makete au Lushoto hata kama zina madoa nunua. Nyekundu zinapikika pia lakini zile zilizokaa friji muda mrefu ndani zinakuwa kama unga, ibonyeze kwa kidole gumba, ikibonyea iache hapohapo, na usiogope muuzaji akikununia.

Sasa siri yangu. Kama umepata epo tamu tu, weka ubuyu. Sio ule mwekundu wa kwenye vipakti wenye sukari na rangi, nasema unga wa ubuyu mweupe, Dodoma hii mibuyu yote hii utaukosaje. Kijiko kimoja cha chakula kwenye epo sita, na sukari vijiko viwili, na mdalasini kidogo. Unaleta ule ukali, halafu ubuyu una kitu kinachogandisha kama kwenye jamu kwaiyo ile juisi ya epo haibaki maji maji chini ya sufuria. Watoto wangu sa hivi isiyo na ubuyu hawaitaki.

Unga wa juu ni uleule, kwa uzito ngano mbili siagi moja sukari moja, yani gramu 200 kwa 100 kwa 100. Siagi au blueband sawa tu LAKINI iwe ya baridi. Hapa ndo nilipoumbuka. Ilikuwa mwezi wa 11, joto la Dodoma mnalijua, nimewaita watoto wa jirani wanne kila mtu anataka kuingiza mkono, blueband ilikuwa juu ya kabati tangu asubuhi imeshakuwa kama mafuta ya kupaka, wakafikicha wakafikicha tukapata donge moja kubwa la rangi ya njano. Manake ile siagi inatakiwa ibaki vipande vipande vimejipaka unga, ikiyeyuka inanywewa yote, unabaki na kinyunya. Tukalisukuma tukalikata tukalioka hivyohivyo kama biskuti, wakala wote. Wewe unakuja mwezi wa 8 kuna kaubaridi kwaiyo utapona, ila bado iweke friji, na watoto wanawe mikono na maji ya baridi, wafikiche kwa ncha za vidole tu, kiganja hapana. Na hiyo kazi mwachie bibi na wajukuu. Mama yako kafikicha unga na mafuta ya chapati miaka mingapi? Hapo hamna cha kutafsiri.

Jiko. Gesi weka pembeni, tumia mkaa, tena nje, usifanye ndani na madirisha yamefungwa. Sufuria kubwa nzito, chini mwaga mchanga mkavu kama unene wa vidole viwili, funika, iache ipate moto dakika 10. Krambo iwe kwenye sufuria ndogo isiyo na mikono ya plastiki, iingize ikae juu ya mchanga, funika na mfuniko wa bati ulio bapa, juu ya mfuniko weka makaa. Chini moto mdogo, juu ndo mwingi, maana chini epo zinahitaji kuiva taratibu ila juu tunataka rangi. Kama dakika 40, usifunue funue. Utajua kwa harufu, na ukisikia epo zinatokota pembeni.

Halafu upepo jamani. Mwezi wa 8 upepo wa Dodoma sio wa mchezo, na mfuniko wenye makaa ukiunyanyua vibaya majivu yote yanaingia ndani, nimeshakula krambo ya majivu mbele ya wageni nikasema ni mdalasini. Kaa upande upepo unakotoka, unyanyue wewe mtu mzima kwa koleo, unyooke, utembee nao mbali kabisa ndo uuweke chini. Watoto wakae hatua tano nyuma.

Kaka wa Aarhus aliandika:

Shangazi umeniua na mdalasini. Mi naongezea tu, karanga. Zikaange, zitwange nusunusu uchanganye kwenye unga wa juu, huku Denmark shule ya mwanangu karanga ni marufuku hata kwenye mfuko kwaiyo akija huko ndo anajilipa. Ila kama hao watoto hawajawahi kula karanga uangalie kwanza. Na zabibu za Dodoma mbichi konzi moja kati ya epo, toa mbegu, mwezi wa 8 zinakuwepo.

Mama Wawili aliandika (tumesharudi Leicester):

Asanteni wote. Epo za kijani nimepata Majengo, ubuyu mama alikuwa nao ndani siku zote. Mara ya kwanza chini iliungua nikasingizia mchanga kumbe nilijaza makaa. Ya pili mama alinitoa kwenye kigoda akakaa yeye, akawa anamwonyesha mdogo kwa mikono, na mdogo anamwambia "bibi, si kiganja!" kwa Kiswahili, akimgonga vidole. Alipoonja akasema ni nzuri ila inataka chai ya rangi na sukari mmeweka nyingi. Jumapili hii kapiga simu anauliza blueband iwe gramu ngapi, kuna wageni wa kanisani.