Musizi wa Amani: ukatwe au uachwe?

Mleta mada: Wadau, mimi ni mtu wa Muheza na jambo hili linaniuma. Wajerumani walipofungua kituo cha utafiti Amani, Usambara Mashariki, mwaka 1902, walipanda miti ya kila namna waone ipi italeta fedha: kwinini, mipira, kahawa, miti ya mbao. Musizi nao, mti wa Uganda na Kagera, ukapandwa. Ndege aina ya hondohondo wakapenda matunda yake, wakawa wanadondosha mbegu mbali msituni. Baadaye misumeno ya mbao ikafungua msitu, na musizi, unaopenda jua na kukua haraka, ukajaza mapengo. Tangu 1997 Amani ni Hifadhi ya Mazingira Asilia, lakini ndani yake kuna sehemu unatembea chini ya musizi mtupu. Naona ukatwe, na bustani ya kituo hicho isijaribu mmea mgeni hata mmoja mpaka ule uliotoroka urudishwe uani.

Mchangiaji wa pili: Mkuu, kwenye kukata umeteleza. Ukiangusha musizi mkubwa unafungua pengo lilelile unalolilalamikia, na kinachoota kwanza ni musizi mchanga. Heri ubanduliwe gome ufe umesimama, huku miche ya asili ikipanda taratibu.

Na kuhusu wageni, chakula cha mezani kwako kimetoka wapi? Mhogo wenyewe asili yake ni Amerika ya Kusini. Miaka ya 1930 ugonjwa wa batobato ulipokuwa unaumaliza, watafiti wa Amani, wakati huo chini ya Waingereza, waliuchanganya na mpira wa Brazili, ule wenye majani kama ya mhogo. Mpira huo uliletwa kwa ajili ya biashara, bei ikaanguka 1913, mashamba yakatelekezwa. Mti ulioonekana hasara ndio uliotoa kinga, na mbegu za uzao huo zikafika hadi Nigeria, zikazaa mihogo mingi inayolimwa leo. Bustani ingefungwa kwa kanuni yako, tungekosa hilo.

Mchangiaji wa tatu: Nyote mnazungumza kana kwamba mimea hujipanda. Mji wa Brisbane, katika lile lililokuja kuwa koloni la Queensland, Australia, ulikuwa na bustani ya serikali tangu 1855, chini ya Walter Hill. Mwaka 1862 sukari ilipikwa kutokana na miwa ya bustani hiyo. Mwaka uliofuata meli zikaanza kuleta watu wa visiwa vya Pasifiki kufanya kazi mashambani, wengine kwa hila, wengine kwa nguvu. Hadi 1904 walifika kama 62,000. Kwetu, Mjerumani Richard Hindorf, mtaalamu wa kilimo, alileta miche ya mkonge mwaka 1893, ikapona 62 tu. Kutoka hapo tukapata mashamba ya Tanga na manamba, yaani vibarua wa mkataba waliotolewa mbali na kwao. Babu yangu alikuwa mmoja wao.

Mleta mada: Ndugu wa pili, la kubandua gome nimelikubali, na la mhogo siwezi kulikana. Ila wa tatu amegusa nilichoshindwa kukisema. Basi nabadili hoja: bustani iendelee kujaribu, lakini kabla mche haujavuka uzio, vijiji vinavyopakana na hifadhi vikutanishwe, viambiwe ni mti gani, ndege gani anakula tunda lake, nani atalima, kwa ujira gani, na nani atalipia kuung'oa ukitoroka. Vijiji vikikataa, mche ubaki kitaluni. Anayepinga hapo aseme kwa nini.