Tupeane uzoefu: Uliwahi kwenda zahanati na kikohozi ukarudi bila antibiotiki? Ilikuwaje?

Tabibu_wa_Kata
Wakuu, habari za majukumu. Mimi ni tabibu kwenye zahanati ya kijijini, mkoa wa Morogoro. Baridi ikiingia, benchi la asubuhi ni mafua, kikohozi na koo kuwasha, na karibu kila anayeingia ameshajiandikia dawa kichwani. Mimi nimebaki kupiga muhuri tu.

Sikubaliani na wenzangu wanaosema wananchi hawaelewi. Wanaelewa tulichowafundisha: umekohoa, ukapewa amoksilini, ukapona wiki ileile. Nani atamwambia mtu huyo kwamba angepona hata bila hiyo amoksilini? Mafua na vikohozi vingi ni virusi, na virusi havina habari na antibiotiki.

Kinachonisaidia kwa watoto ni kumshirikisha mama. Mtoto anafunuliwa kifua, anatulizwa, asiwe analia wala kunyonya, mama anaweka dakika moja kwenye simu yake tunahesabu pumzi pamoja. Wa miezi 2 hadi 12 akifika 50, anapumua haraka. Wa mwaka 1 hadi 5, ni 40. Tunaangalia pia kama kifua kinabonyea ndani anapovuta pumzi. Mama akihesabu mwenyewe akapata 32, maneno yanapungua sana pale dirishani.

Leteni visa vyenu: wagonjwa, wauza maduka ya dawa, manesi, hata mlionyimwa mkanuna. Mihadhara tuiache.

mama_wawili
Mimi ni wa kununa 😂. Nilimpeleka wa pili hospitali ya binafsi hapa Dodoma, anakohoa usiku mzima. Nimelipa kumwona daktari, nimelipa kipimo, narudi na panadol na karatasi. Baba yao akaniuliza, "Kwa hiyo umelipia maswali?"

Mama mkwe hakuuliza. Alifungua kabati akatoa chupa ya amoksilini ya maji iliyobaki tangu mtoto wa wifi alivyougua. Ilikuwa imeshachanganywa, haina tarehe, imeganda pembeni ya kifuniko. Nikamwambia mama, hii ikishatiwa maji haikai, mwisho ni wiki moja, au mbili kwa zile zinazowekwa kwenye friji. Akanijibu yeye amelea watoto wote hawa na hakuna aliyekufa kwa chupa.

Nilichofanya, nilimpigia yule daktari mbele yake, nikaweka sauti ya nje. Daktari akaongea naye kwa adabu, shikamoo mama, nini na nini, akamwambia mtoto akipumua kwa kasi, akishindwa kunyonya au akilala bila kuamka, aletwe hata usiku wa manane. Mama mkwe akaridhika. Naona alitaka tu asikie kuna mtu anamjali mjukuu wake. Kile kikohozi kilichelewa kweli kuisha, lakini kiliisha.

Muuza_Dukani
Wakuu mnaongelea zahanati, vita viko kwetu. Nauza duka la dawa muhimu. Hakuna anayekuja na cheti. Anakuja na hela: "Nipe amoksi za buku." Unamuuliza anaumwa nini, anakwambia, "Wewe nipe." Mwingine anataka azuma, ile antibiotiki ya azithromycin, vidonge vitatu, kwa sababu jirani alimeza akapona.

Kuuza vidonge vya buku ni kumuuzia nusu dozi, na azuma kwa mafua ni kuichoma dawa tutakayoihitaji kesho. Hilo nalijua. Ila nikikataa anavuka barabara, na pale ng'ambo hawaulizi chochote. Tajiri akija jioni anaangalia daftari la mauzo, haangalii niliwashauri watu wangapi.

Njia niliyoipata: simwachi aondoke mikono mitupu. Namuuliza kikohozi kina muda gani, kama ana homa, kama anakohoa damu. Kama ni mafua tu, anachukua panadol, na nikiwa nayo, asali. Asali sio ya mtoto chini ya mwaka mmoja, jamani. Wengi wanakubali. Wanaogoma ni vijana wa kiume walioshasoma mtandaoni.

Kijana_wa_Kiume
Nimesikia nikitajwa. Mimi nikishikwa na mafua nameza azuma tatu, siku ya nne niko uwanjani. Hizo nadharia zenu zinafeli wapi?

Tabibu_wa_Kata
Mkuu, mafua makali hupungua siku ya nne au ya tano yenyewe. Ukimeza azuma, utaisifia azuma. Ukila embe, utasifia embe.

Binti_Leicester
Niongeze ya huku Uingereza. Mwaka wangu wa kwanza nilikohoa mpaka mbavu zikauma. Nikampigia GP, yaani daktari wa mtaa, kuonana naye kwenyewe kasheshe. Akanisikiliza mapafu, akapima oksijeni kidoleni, akasema ni virusi, kunywa maji, kikohozi cha namna hii huchukua kama wiki tatu. Wiki tatu! Nilitoka nikatuma ujumbe kwenye grupu la Watanzania: nani anatoka Dar mwezi huu aniletee amoksilini? Na kweli, huku watu hubebeana dawa kwenye mabegi pamoja na dagaa.

Safari nyingine, kwa koo, nilipewa cheti lakini nikaambiwa nisiende nacho duka la dawa siku hiyo. Nisubiri siku chache. Hali ikizidi ndiyo nikachukue. Nilijihisi nimeheshimiwa, cheti kiko mfukoni, uamuzi ni wangu. Sikukitumia. Huo utaratibu ungefaa nyumbani? Sijui wenzangu, naona yule jamaa wa "nipe za buku" angeenda nacho dakika ileile.

Mkaguzi_wa_Fomu
Niliwahi kufanya kazi ya kukusanya takwimu vituoni huko Mbeya, kwa hiyo nina la kusema. Mwaka 2014 ulichapishwa utafiti wa watoto 1,005 wenye homa waliofika kliniki Dar na Ifakara. Takriban asilimia 70 walikuwa na ugonjwa wa virusi, asilimia 22 wa bakteria. Sasa linganisha na idadi ya wanaotoka dirishani wameshika chupa.

Halafu kuna mradi wa vituo 40 vya Mbeya na Morogoro, matokeo yake yalitoka 2024. Nusu ya vituo vilipewa tableti (ile kompyuta ya mkononi, sio kidonge) inayomwongoza mhudumu hatua kwa hatua, pamoja na kifaa cha kupima oksijeni na vipimo vya haraka. Kwenye vituo vya kawaida watoto 70 kati ya 100 walipewa antibiotiki. Kwenye vile vya tableti, 23. Na waliobaki wagonjwa baada ya wiki hawakuwa wengi kuliko wa vituo vya kawaida. Kwa hiyo huyo mhudumu mnayemlaumu hana roho mbaya, anaogopa. Mtoto akizidiwa usiku, jina lililoandikwa kwenye daftari ni lake.

Mzaramo_Halisi
Mkaguzi kagusa penyewe. Pale kwetu tajiri hataki kusikia mgonjwa katoka na ushauri. Ushauri hauna bei.

Kaka_wa_Mwanza
Samahani naharibu hewa. Mdogo wangu utotoni alikuwa na koo la mara kwa mara: homa, tezi za shingo zimevimba, hana mafua wala kikohozi. Nyumbani tukawa tunamsukutulisha maji ya chumvi. Baadaye viungo vikaanza kumvimba, goti leo, kifundo kesho. Alipopelekwa kupimwa, moyo ulikuwa umeshaguswa. Amefanyiwa upasuaji wa valvu Dar, na anaishi kwa sindano za penisilini kila mwezi. Mkisema koo ni virusi, malizieni sentensi.

Tabibu_wa_Kata
Pole sana kaka, na umesema kweli. Mtoto wa miaka 5 hadi 15 mwenye koo la namna hiyo, bila mafua wala kikohozi, simrudishi na maji ya chumvi. Huyo huenda ana bakteria, sio virusi, anastahili penisilini, tena dozi kamili. Hata yule anayepumua haraka nampa amoksilini bila kusitasita, na nawaeleza kwa nini huyu amepata na wa jana alikosa.

mama_wawili
Dokta, na makohozi yakiwa ya kijani? Huku kwetu kijani maana yake kapsuli.

Tabibu_wa_Kata
Rangi peke yake hainiambii kitu, dada. Hata mafua ya kawaida hugeuka manjano au kijani siku za katikati. Mimi nauliza muda, pumzi, homa iliyopungua kisha ikarudi kwa nguvu, kukonda, jasho la usiku. Kikohozi kikifika wiki mbili, rangi yoyote ile, mpeleke apime TB. Kipimo ni bure kwenye vituo vya serikali, na asimeze antibiotiki za dukani kabla ya kwenda.