Naomba ushauri: muamala mmoja, hashi mbili kwenye Cronos

Assalaam aleikum ndugu zangu. Naandika programu ya malipo ya duka la vipuri hapa Mombasa, Mwembe Tayari, kwa Cronos, mtandao wa blockchain (daftari la pamoja la miamala). Mtandao huo wapokea miamala ya mifumo miwili, ya Ethereum na ya Cosmos, basi muamala wa Ethereum hupata hashi mbili (namba za kuutambulisha): ya Keccak upande wa Ethereum, na ya SHA-256 upande wa Cosmos. Mteja aonyesha hii, mimi nimehifadhi ile, mabishano kaunta! Nimeanza kuzioanisha kwa tukio la ethereum_tx (kumbukumbu ya mtandao yenye hashi zote mbili), inakwenda. Kinachonitatiza zaidi: mkataba (programu iliyo ndani ya mtandao) ukigoma, upande wa Cosmos bado wasoma msimbo 0, kana kwamba pesa zimefika, na gesi (ada ya muamala) imeshaliwa. Je, nitegemee risiti ya Ethereum pekee? Na miamala ya Cosmos tupu, isiyo na hashi ya pili, niihifadhi vipi kwenye jedwali hilohilo?